Chakula cha Mgeni

Ama baad. Ndugu zangu, mtu akiazimia kuwaalika wenziwe nyumbani, la kwanza alitazamalo ni sahani za jirani aliyealika juzi. Yule alipika pilau; basi huyu hana budi apike biriani, na sambusa, na halua, ijapokuwa mchele na samli ni vya kukopa dukani. Wageni huondoka wameshiba, na deni likabaki, hulipwa kwa matumbo ya watoto wa nyumba.

Mtume wetu (s.a.w.) alipomuoa Bibi Safiyya, mwaka wa 7 wa Hijra, njiani wakitoka Khaibar, walima ile haikuwa na nyama wala mkate. Palitandikwa ngozi, zikawekwa tende, na jibini kavu, na samli. Kwa Bibi Zainabu alichinja mbuzi. Je, yuko athubutuye kusema kuwa ile ya tende ilikuwa na aibu?

Basi tazama kwanza kilichomo ndani. Kama ni wali wa nazi na samaki wa leo, ndicho hicho. Kipikwe vizuri, ukiandae kwa uso mkunjufu, wala usimtake mgeni radhi kwa kila tonge, kwani humharibia kula.

Na Mtume amekitaja kuwa kiovu chakula cha walima waitiwacho matajiri, masikini wakaachwa. Ukiona fedha yatosha sahani ya pili, usiongeze sahani, ongeza mlaji: yule fukara akaaye nyuma ya msikiti, ambaye mwaka huu hajaalikwa na mtu. Wallahu aalamu.