Yakini ya Fundi na Dalili Isiyotafutwa

Miongoni mwa mafundi wa kompyuta wa Luthuli Avenue na River Road, katikati ya jiji la Nairobi, na wenzao wanaohudumia saiba, yaani maduka ya huduma za intaneti, za Kawangware, Kangemi na Dagoretti upande wa magharibi, ipo kanuni inayoshikwa karibu kama sheria, nayo ni kwamba mashine inayofanya kazi vizuri haiguswi. Kanuni hiyo hutumiwa hasa kwa draiva, yaani programu zinazokaa kati ya mfumo endeshi na kifaa, kama vile printa au kadi ya mtandao, na kuzifasiri amri za mfumo kwa namna ambayo kifaa hicho kinazielewa. Kwa kuwa draiva nyingi hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo, kosa dogo ndani yake laweza kuiangusha mashine nzima, na ndiyo sababu fundi mwenye busara, hasa wiki ya mwisho ya Juni watu wanapopanga foleni kuwasilisha ritani za kodi kwenye iTax, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), kabla ya tarehe 30 kupita, huiacha printa kuukuu na draiva yake kuukuu. Linalobaki kuulizwa ni kama utulivu wa jana ni hoja ya kutosha ya kutegemea utulivu wa kesho.

Wanazuoni wa usuli za fikihi, elimu inayochunguza jinsi hukumu za sheria ya Kiislamu zinavyopatikana, walilishughulikia swali la namna hiyohiyo chini ya jina la istishabu, maana yake kuihesabu hali iliyokwisha kuthibiti kuwa ingalipo mpaka ipatikane dalili ya kubadilika kwake. Aliyetawadha kisha akashuku kama udhu wake umetanguka huhesabiwa kuwa angali na udhu, na kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka iliandikwa katika Majalla, mkusanyo wa sheria za madai wa dola ya Uthmaniya uliotolewa kati ya 1869 na 1876. Fundi wa Luthuli, awe Mwislamu au asiwe, hufikiri kwa njia hiyo, wala hana sababu ya kuionea haya. Mwaka 2014 draiva mpya ya FTDI, kampuni ya Scotland, iliyosambazwa kupitia masasisho ya Windows, ilivifanya vifaa vyenye chipu za kuiga visitambuliwe tena na kompyuta, na walioumia ni wanunuzi ambao wengi wao hawakujua walichouziwa. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja yenye kasoro, iliyotumwa na kampuni ya usalama ya CrowdStrike na kusomwa na draiva yake ndani ya kiini cha Windows, iliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft, nazo zilikuwa nzima muda mfupi kabla.

Hata hivyo, al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliiwekea istishabu sharti zito katika kitabu chake al-Mustasfa. Alitenga hali mbili zinazofanana kwa nje: kutojua kama dalili ya mabadiliko ipo, na kujua, au walau kudhani kwa nguvu baada ya kutafuta kwa bidii, kwamba dalili hiyo haipo. Ya kwanza ni ujinga mtupu na haijengi hoja yoyote. Ya pili ndiyo inayoiruhusu hali ya awali iendelee. Henry Odera Oruka, aliyefundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi hadi kifo chake mwaka 1995, alichora mpaka ulio karibu na huo alipowatofautisha wahenga wanaohifadhi hekima waliyoipokea na wale wanaoihoji. Vivyo hivyo mafundi wawili waweza kuitamka kanuni ileile na mmoja tu kati yao, yule aliyetafuta, akawa na haki ya kuitamka.

Kisa cha Julai 2021 chaonyesha gharama ya kutotafuta. Katika huduma ya Windows inayopanga foleni ya kazi za kuchapisha iligunduliwa kasoro, iliyopewa jina la PrintNightmare, ambayo ilimwezesha mvamizi kuingiza msimbo wake kwa sura ya draiva ya printa na kuimiliki mashine. Karatasi ziliendelea kutoka safi na wino ulikuwa mzuri. (Tiba yenyewe, ni haki kusema, iliwasumbua watumiaji wengi wa printa za mtandao miezi iliyofuata.) Kwa hiyo uzima wa mashine unaoonwa na aliyesimama mbele yake ni sehemu tu ya hali yake, na katika saiba sehemu iliyofichika huwahusu watu wengine, wateja walioacha humo nakala za vitambulisho na namba zao za PIN za KRA, ambao Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawatambua kuwa na haki juu ya taarifa hizo.

Kompyuta isiyounganishwa na intaneti yaweza basi kuachwa ilivyo kwa miaka, na sasisho linaloahidi kasi ya michezo pekee halistahili hata kusomwa mara mbili; bali sasisho linaloziba ufa wa usalama katika mashine ya umma ni wajibu, hata kama litasubiri siku isiyo na foleni. Kijana wa zamu asiye na nenosiri la msimamizi hadaiwi utafiti wa kujua sasisho lipi ni lipi, kwa maana yeye ni mukalidi, mtu anayefuata hukumu ya mjuzi. Utafiti huo unamwangukia fundi, na pamoja naye mwenye saiba anayemlipa kwa mashine iliyoharibika lakini hamlipi chochote kwa saa anayoitumia kusoma maelezo ya sasisho.