Jawabu la Salamu kwa Mwenye Mashine ya Sikio

Katika mambo ambayo fikihi imeyaweka wazi, hata mtoto wa chuoni huyajua kabla hajahitimu juzuu yake ya kwanza, ni kwamba kuanza kutoa salamu ni sunna na kuirudisha ni wajibu, na kwamba wajibu huo humwangukia yule ambaye salamu imemfikia sikioni. Hukumu hii iliwekwa kwa watu ambao masikio yao hayana mlango. Jicho limepewa kope na kinywa kimepewa midomo, lakini sikio limeachwa wazi usiku na mchana, limelala au li macho, wala mwenyewe hana hiari kubwa katika yale yanayoliingia; na kwa kuwa hiari ilikuwa haba, hesabu ilikuwa nyepesi: sauti imefika, jawabu limelazimu. Leo wako miongoni mwetu watu, na aghalabu ni wazee, ambao sikio lao limepata mlango, na ufunguo wa mlango huo umo katika simu waliyoishika mkononi. Nami nataka kuuliza, kwa taadhima yote wanayostahiki watu hao, wajibu wao wa kusikia unaanzia wapi na udhuru wao unakomea wapi.

Si kadhia ya watu wawili watatu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu milioni 430 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada, na katika kila ukoo wenye wazee yumo mmoja ambaye watu wake hupaza sauti wanaposema naye. Vifaa vya kusaidia usikivu, ambavyo watu wetu huviita kwa wepesi mashine za masikio, zamani vilikuwa na kazi moja tu, nayo ni kuikuza sauti iliyokuja kwa njia ya hewa. Vya siku hizi vimeongezewa kipokezi cha Bluetooth, yaani mawimbi ya redio yenye nguvu ndogo ambayo kwa kawaida hayavuki mita kumi hivi, na kwa mawimbi hayo simu na mashine husemezana bila waya. Simu ikilia, mlio unasikika ndani ya masikio ya mwenyewe; akiipokea, sauti ya mpigaji inamjia katika masikio yote mawili kwa pamoja, bila kupita hewani na bila mtu wa pembeni kuisikia; na wakati uo huo mashine nyingi, kwa jinsi zilivyoundwa, huzipunguza nguvu maikrofoni zake zinazopokea sauti za mahali alipo, ili kelele za karibu zisishindane na maneno ya mbali. Mwenye mashine anaweza, kwa programu iliyomo katika simu yake, kuchagua kiasi gani cha karibu kibakie na kiasi gani cha mbali kiingie. Mlango niliousema ndio huu.

Kabla ya kumhukumu mtu yeyote, insafu inataka tukumbuke alikotoka. Alexander Graham Bell, aliyepata hataza ya simu mwaka 1876, alikuwa mwalimu wa viziwi huko Boston, Marekani. Mama yake mzazi alikuwa mzito wa kusikia, na Mabel Hubbard, aliyemwoa mwaka uliofuata, alikuwa kiziwi tangu utotoni kwa sababu ya maradhi. Simu, basi, ilizaliwa katika nyumba ya viziwi, na mke wa aliyeiunda hakuweza kuzungumza kwayo. Miaka mingi ikapita hali iko hivyo. Hata mashine za masikio zilipoenea, mwenye kuinua simu na kuiweka karibu na mashine alijibiwa na mluzi mkali, kwa kuwa sauti iliyotoka katika mashine ilirudi kuingia katika maikrofoni yake. Na baadhi ya mafundi wakatia ndani ya mashine koili ndogo ya waya wa shaba iweze kunasa nguvu za sumaku za simu badala ya sauti. Mwaka 2014 ndipo zilipouzwa mashine za kwanza zilizounganika moja kwa moja na iPhone, na simu za Android zikafuata kwa njia yake miaka michache baadaye.

Na tazama jinsi uzee na simu vilivyokuwa vimeshirikiana katika dhuluma. Simu ya kawaida ya zamani ilichukua sauti za kuanzia hezi 300 hadi 3400 tu, na sehemu kubwa ya sauti za s, f na th iko juu ya mpaka huo. Na sauti hizo hizo nyembamba ndizo uzee unazozichukua mwanzo katika sikio. Mzee mwenye simu kwenye sikio moja husikia irabu zikivuma, ama kujua kama mwanawe ametaja samani au thamani, hilo ni la kubahatisha, na mwenye kubahatisha siku zote hatimaye huchoka, akampa mjukuu simu na kusema, "Zungumza naye wewe." Kuunga udugu ni faradhi, na kwa aliye na watoto Maskati, London au Toronto, hakuna njia ya kuuunga kila siku isipokuwa hii. Kwa hiyo anayeniambia kwamba mashine za namna hii ni anasa za watu wa kisasa simkubalii hata kidogo. Sauti ya mtoto inayoingia katika masikio yote mawili, imekuzwa kwa kadiri ya kipimo cha masikio ya mzee mwenyewe, ni haki iliyocheleweshwa.

Lakini haki ikija, huja na dhima yake. Nimemwona katika Mji wa Kale wa Mombasa mzee mmoja, mtu wa murua na mwenye kujali sana haki za watu, amekaa barazani kwake baada ya alasiri, simu ameishika chini ya kidevu. Maana mashine zake ni za aina inayoileta sauti ya mpigaji masikioni lakini hairejeshi sauti ya mwenyewe, kwa hiyo maneno yake huchukuliwa na maikrofoni ya simu. Binti yake alikuwa akimweleza habari za mtoto mgonjwa. Akapita jirani yake wa miaka mingi, akasimama mbele ya ngazi, akasema, "Asalaam aleikum, sheikh wangu." Kimya. Akarudia, naye mzee macho yake yako chini, uso wake umekunjamana kwa wasiwasi wa mjukuu. Jirani akaenda zake, na usiku ule aliuliza watu wa nyumbani kwake, "Kwani nimemkosea nini yule bwana?" Katika simu ya zamani, mkono uliokuwa sikioni ulikuwa ni ilani kwa kila mpita njia kwamba mtu huyu yuko na mwingine, sasa ilani imeondoka, na aliye hadhiri mbele yetu huenda moyo wake wote uko Maskati, nasi hatuna dalili.

Je, ana dhambi kwa salamu isiyojibiwa? Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye sisi watu wa pwani, wafuasi wa Imamu Shafii, tunamtegemea katika mengi, aliinukuu katika kitabu chake cha Adhkari mas-ala iliyo karibu mno na hii. Mwenye kumsalimu kiziwi, atamke salamu kwa ulimi kwa kuwa ana uwezo wa kutamka, na aashirie kwa mkono ili mwenziwe afahamu. Na asipoviunganisha viwili hivyo, hastahiki kujibiwa. Naona hekima kubwa katika hukumu hii, kwa kuwa mzigo haukutwikwa kiziwi ukaachwa hapo. Aliyelazimishwa kuongeza jambo ni mwenye masikio mazima. Kwa hukumu hii jirani yetu, anayejua kwamba sheikh wake huvaa mashine, alipaswa kuinua mkono na kuingia katika upeo wa macho yake kabla ya kudai chochote.

Hata hivyo mzee si kiziwi yule yule aliyekusudiwa. Kiziwi wa zamani hakuufunga mlango mwenyewe. Wanazuoni wametenga baina ya aliyezimia kwa maradhi na aliyejilevya kwa makusudi: wa kwanza sala zilizompita hazimlazimu, wa pili anazilipa, kwa sababu ujinga wake wa wakati ule aliununua. Mtu anaweza kusema, basi, kwamba mwenye mashine akizizima kabisa maikrofoni zake barazani, mahali ambapo anajua watu watapita na kumsalimu, ameununua uziwi wake. Sikubali kumpima mzee yule kwa mizani ya mlevi, hasha. Alichokuwa akikifanya ni ibada ya kuunga udugu, na mashine ilipunguza sauti za karibu yenyewe. Lakini nakubali sehemu moja ya hoja. Kile kipimo cha karibu na mbali hakipangwi wakati wa wasiwasi, binti akilia. Hupangwa kwa utulivu, siku yoyote, na hapo hiari ni kamili. Anayeketi barazani aiache sauti ya karibu ibakie kidogo, hata kama sauti ya mbali itapungua uzuri wake, na simu aishike mahali inapoonekana. Akifanya hayo na bado salamu ikampita, udhuru wake ni safi.

Na salamu ya binti, iliyokuja kwa simu, nayo ina haki. Imamu huyo huyo amesema kwamba salamu iliyoletwa kwa barua au kwa mjumbe hurudishwa papo hapo, sembuse ile aliyoitamka mwenyewe mtu hai. Zikifika mbili kwa mara moja, ulimi una wa mbali ambaye haoni, na mkono una wa karibu ambaye anaona. Na ulimi ukipata nafasi umrudie wa karibu kwa maneno.

Kuhusu anayezivua mashine jioni, akaziweka ndani ya kisanduku chake na kukaa kimya, sina la kusema ila kuwasihi watu wa nyumbani wamwache. Kusikia kwa mashine ni kazi ya akili mchana kutwa.

Msikitini mambo yanageuka. Fikihi ya Shafii imeupa usikivu uzito wa jamii nzima, kwani khutba ya Ijumaa imeshurutishiwa watu arubaini wenye kusikia. Na mzee ambaye mashine zake zinamrudishia khutba si mtu wa pembeni tena. Lakini tangazo la mlangoni linalosema tuzime simu liliwekwa kwa ajili ya kuwakinga wengine na kelele, na simu ya mzee huyu hailii kwa wengine. Inalia ndani ya kichwa chake peke yake, katikati ya sijida, naye hana wa kumwomba radhi isipokuwa Mola wake. Baadhi ya watu wataona jambo hilo ni jepesi kwa kuwa hakuna aliyeudhika. Mimi naliona zito zaidi, maana khushui ndiyo roho ya sala. Bora aizime Bluetooth katika simu kabla ya kuvua viatu. Mashine zitaendelea kukuza sauti ya imamu kama kawaida. Akitoka aiwashe tena, na ikiwa sikio moja limeunganika na la pili limekataa, kwa mashine zenye betri za kubadilishwa mara nyingi hutosha kukifungua kijumba cha betri na kukifunga, kisha kungoja kidogo. Na simu asimwachie mjukuu aichezee katika chumba kilicho jirani, kwa kuwa video ya mtoto itamfuata babu hadi katika nyiradi zake.

Nimebakisha jambo la siri, nalo lina pande mbili. Mzee asiye na njia nyingine huiweka simu spika, na baraza zima likasikia ya ndoa ya binti yake. Mashine hizi zimeirudisha amana ya maneno mahali pake, na hiyo peke yake ni jamala kubwa. Lakini simu hiyo hiyo yaweza kugeuzwa ikawa maikrofoni: ukaiacha mezani mbele ya msemaji ikakuletea maneno yake masikioni, na simu za iPhone zimekuwa na uwezo huo tangu miaka ile ya mwanzo. Katika mkutano wenye kelele huo ni msaada wa haki. Ila mwenye simu akiondoka chumbani na simu ikabakia, atayasikia yanayosemwa nyuma yake akiwa upande wa pili wa ukuta, na upelelezi wa siri za watu umeharimishwa kwa kiziwi kama ulivyoharimishwa kwa mwenye kusikia. Fakihi wa zamani alimtenga ambaye sauti imempitia njiani na ambaye amelisogeza sikio lake mlangoni kwa watu, akamsamehe wa kwanza na kumshika wa pili; na aliyeiacha simu mezani kwa nia hiyo amelisogeza sikio, japo mwili wake uko jikoni. Kwa hiyo aiwekapo mezani, awaambie waliokaa, "Hii inanisikilizia," na akiinuka kwenda nje aichukue.