Msomaji wa Imla Ni Nani?

Mtoto wa Gredi ya Tatu mtaani Free Area, Nakuru, akiandika “kura” mahali pa “kula”, usikimbilie kalamu nyekundu. Huenda kaandika alivyosikia, na aliyemsomea imla ni wewe mzazi. Tahajia za Kiingereza mtoto hukariri tu, nyingi hazina kichwa wala miguu. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, ndiyo maana kosa lake hutusema sisi wa nyumbani.

Na Nakuru ina ndimi nyingi. Kikuyu hakina l. Kikalenjini hakitenganishi t na d, wala k na g, jinsi Kiswahili kinavyofanya, basi gari likawa “kari”. Wanasiasa huja uwanja wa Afraha kutuomba “kula” na hakuna anayewakata alama. (Huwa tunawapa kura, na kula pia, lakini hayo tuyaache.) Anayechekwa ni mtoto. Viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001. Kicheko kingali halali, nami nakiona kikatili zaidi. Katika mji ambao Januari 2008 watu walihama mitaa kwa sababu ya kabila, kumtania mtoto ulimi wake si mzaha mdogo.

Jirani yangu, fundi wa magari, Mkalenjini wa upande wa Rongai, alikuwa akimsomea bintiye imla huku sukuma wiki ikikatwa kando yao. “Tirisha,” akasema. Binti akaandika tirisha. Baba akaona kosa, akapaza sauti: “Tirisha!” Binti akafuta hadi karatasi ikatoboka, kisha akaandika neno lile lile kwa herufi nzito zaidi.

Kelele haigeuzi t kuwa d. Kinachosaidia ni vidole kooni: tamka “da” na utahisi mtetemo tangu mwanzo, “ta” huanza kimya. Ya l na r yamo ulimini: kwa l ncha hutulia nyuma ya meno ya juu, kwa r hupigapiga. Maneno matano kwa imla moja yatosha. Mtoto aliyeshinda shuleni amechoka.

Kisha mpe yeye kitabu. Asome, wewe uandike, yeye asahihishe. Watoto hufurahia mno kumkata mzazi alama, na ili asahihishe ni lazima akague neno herufi kwa herufi, kazi ambayo karipio lolote lisingemfanya aifanye kwa hiari. Jirani yangu alijaribu. Alipata mawili kwa matano, na bintiye akamwamuru aandike “dirisha” mara tatu.