Haki Wakati wa Hatari

Swali hili ni la zamani, nalo halijachoka kuulizwa: nchi inapoingia katika hatari, na watu wanauawa usiku majumbani mwao, je, mwenye kutawala ana ruhusa ya kuifupisha haki? Twasema kuifupisha, maana si kila mtawala huitupa haki nje kabisa. Wengi huacha kiti cha hakimu mahali pake, na kitabu cha sheria mezani, na mfasiri kando ya kizimba. Ila huondoa hiki na kile, wakisema kwamba wakati hauruhusu. Yafaa tulitazame jambo hili polepole, kwa kuwa sisi tukaao Olmotonyi na vijiji vilivyo chini ya Mlima Meru hatuwezi kusema kwamba ni habari ya mbali.

Tarehe 2 Machi 1900, huko Moshi ya Kale, Wadachi waliwanyonga wakuu na watu wakubwa 19 wa Uchagga, Meru na Arusha. Miongoni mwao walikuwamo Mangi Meli wa Moshi, Mangi Ngalami wa Siha, Mangi Molelia wa Kibosho na Mangi Lobulu wa Meru. Shitaka lilikuwa kwamba wamefanya shauri la kuinuka juu ya Serikali. Mshitaki, hakimu na mnyongaji wote walikuwa wa boma moja, chini ya Kapteni Johannes, naye ndiye aliyekwisha kupigana na hao hao waliosimamishwa mbele yake. Mithali yasema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Basi ngozi ile ilivutwa sana. Hata hivyo habari hii haitufundishi yote tuyatakayo, maana siku zile hapakuwa na korti ya kuharibiwa. Palikuwa na vita, na baada ya vita palikuwa na kamba.

Mfano ulio wazi zaidi watoka kwa jirani zetu wa Kenya, ambako palikuwa na majaji, mawakili, vitabu na rufani. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari, ambayo wenyeji waliiita Emajensi, nayo haikuondolewa mpaka Januari 1960. Mwaka wa 1953 Serikali iliweka korti za pekee za kuhukumu makosa ya Mau Mau yaliyostahili kifo. Kwa desturi, mtu aliyeshitakiwa kosa kama hilo alipelekwa kwanza mbele ya hakimu mdogo, mashahidi wakasikiwa na maneno yao yakaandikwa, ndipo akapelekwa kwa jaji. Hatua ile ya kwanza iliondolewa. Mzungu aliyeshitakiwa kosa kubwa katika Kenya ya siku zile alihukumiwa na baraza la Wazungu wenzake. Mwafrika alihukumiwa na jaji aliyeketi pamoja na wazee wa baraza, ambao maoni yao jaji aliweza kuyaacha. Tena orodha ya makosa ya kunyongwa ilirefushwa: kuwa na bunduki, hata risasi, bila ruhusa, kulisha watu kiapo, kufuatana na watu wenye silaha. Tangu Aprili 1953 hata Desemba 1956 watu 2,609 walisimamishwa mbele ya korti hizi, katika kesi 1,211, na watu 1,574 walihukumiwa kufa. Hesabu ya walionyongwa katika muda wote wa Emajensi ni 1,090, na walio wengi miongoni mwao hawakunyongwa kwa kosa la kuua. Mti wenyewe wa kunyongea ulitengenezwa wa kuchukulika, ukahamishwa mahali hata mahali.

Sasa tusiwe wepesi wa kulaumu kabla ya kusikia upande wa pili. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, huko Lari, nyumba za watu waliokuwa upande wa Serikali zilifungwa kwa nje zikatiwa moto, na waliotoka madirishani wakakatwa kwa panga. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Mtu aliyezika watoto wake namna hiyo, ukimwambia angoje miezi minane mpaka mashahidi waandikwe mara mbili, atakujibu nini? Mtume Paulo aliwafundisha Warumi kwamba mwenye mamlaka hauchukui upanga bure, wala sisi hatusemi kwamba Serikali ingepaswa kukaa kimya. Hoja hii ni nzito. Anayeipita bila kusimama hajui maana ya kuogopa usiku.

Lakini tazameni lililofuata. Katika kesi za Lari watu 71 walinyongwa. Usiku ule ule na siku zilizofuata, askari na walinzi wa Serikali waliua watu wengi kwa kisasi, na yamkini waliouawa kwa kisasi walikuwa wengi kuliko waliochomwa. Kwa damu hiyo hapakuwa na korti ya pekee, wala mti wa kunyongea haukuletwa. Basi twaona neno la kwanza: korti hizi hazikuwekwa kwa ajili ya mauaji, ziliwekwa kwa ajili ya mauaji ya upande mmoja. Kama haraka ile ingalikuwa ni kwa sababu ya damu ya watu tu, ingaliikimbilia damu yote.

Neno la pili ni gumu zaidi, nalo lahusu sheria yenyewe. Hakimu wa kawaida humwuliza mtu, umefanya nini, na kwa nia gani? Sheria ya Emajensi ilimwuliza, umekutwa na nini, na ulikuwa pamoja na nani? Watu wa vijiji twajua tofauti yake. Watu wenye bunduki wakija usiku kwako, wakaamuru chakula, utapika. Ukikataa utakufa usiku, na ukipika utashitakiwa asubuhi. Korti yenye nafasi ya kusikia itauliza kama ulipika kwa kupenda au kwa kuogopa. Korti yenye haraka yaona sufuria tu. Hatusemi kwamba majaji wote walikuwa hivyo. Lakini sheria waliyopewa iliwavuta huko, kwa maana ilifanya kitu kilichomo mfukoni mwa mtu kiwe shahidi wa moyo wake.

Tukitafuta mfano katika Maandiko, wengi huikumbuka kesi ya Bwana wetu iliyofanywa usiku, na swali la Nikodemo aliyewauliza wakubwa wenziwe kama sheria yao humhukumu mtu kabla ya kumsikia. Sisi twapenda kumkumbuka Nabothi. Yezebeli hakumwua kwa siri njiani. Aliandika barua, akatia muhuri wa mfalme, akaamuru mbiu ya kufunga ipigwe, ndipo mashahidi wawili wakaketishwa mbele ya Nabothi kama torati ilivyotaka. Msomaji aangalie ile mbiu ya kufunga. Katika Israeli watu walifunga hivyo nchi ilipokuwa katika msiba au hatari. Kwa hiyo Yezebeli kwanza alitangaza hatari, kisha akafanya korti. Na wazee wa mji, ambao siku nyingine wangaliuliza maswali, siku ile hawakuuliza. Na kisa chote kilikuwa shamba. Wameru waliohamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki mwezi wa Novemba 1951, mashamba yao wakapewa Wazungu, hawahitaji kuelezwa sana neno hili. Nao Wakikuyu ugomvi wao na Serikali ulianzia katika ardhi.

Wako watakaosema, kama korti zile zilikuwa za hila, mbona karibu watu wanne katika kila kumi waliachiliwa? Ni swali zuri, nasi twalipenda, kwa kuwa linatuzuia tusiseme kwa kupita kiasi. Ni kweli waliachiliwa. Wako majaji waliokataa maungamo yaliyotolewa kwa kipigo. Mwaka wa 1954 Jaji Cram aliandika waziwazi juu ya mateso yaliyofanyika katika kituo cha walinzi cha Ruthagathi, na Serikali haikufurahi. Mtu kama huyu atuonyesha kwamba hata katika nyumba iliyojengwa upande, mtu aweza kusimama wima. Lakini wengi walioachiliwa na korti hawakurudi kwao. Walipotoka mlangoni walishikwa tena, wakatiwa kizuizini kwa amri isiyohitaji shahidi wala hakimu. Basi korti ile ilikuwa na mlango wa upande mmoja: neno lake la kufisha lilitiiwa, na neno lake la kuachilia lilipuuzwa. Na hapa ndipo tunapoipata alama ya kuitambua korti ya kweli. Hatuitambui kwa joho, wala kwa unadhifu wa maandishi. Twauliza kama aliyeiweka yuko tayari kushindwa mbele yake.

Wazee wa Kiarusha walilijua jambo hili kwa njia yao. Palipokuwa na daawa, kila upande ulikuja na laigwanani wake, maneno yakasemwa hata jua likachwa, na shauri halikwisha mpaka pande zote mbili zimeweza kulibeba. Hatusifu kila kitu cha kale. Mgeni asiye na rika wala ukoo wa kumsemea alipata shida sana barazani. Ila upande ulioitisha kikao haukuwa na uhakika wa kushinda, nayo si kitu kidogo.

Tena korti si hakimu peke yake. Sisi tusomao ukurasa huu hatutakuwa majaji, lakini twaweza kuitwa kuwa mashahidi, au wazee wa baraza, au walinzi wa kijiji. Katika Kenya ya Emajensi watu walipangwa mistari, na mbele yao akawekwa mtu aliyefunikwa gunia kichwa kizima, lenye matundu ya macho tu. Akitikisa kichwa, mtu alitolewa mstarini. Gakunia, ndivyo Wakikuyu walivyomwita. Alikuwa jirani wa mtu. Labda alikuwa na kisa cha mpaka wa shamba, labda aliogopa, labda alisema kweli; nani angejua, naye hana uso? Na huko Kapenguria, katika kesi ya Jomo Kenyatta iliyohukumiwa Aprili 1953, shahidi mkubwa alikuwa Rawson Macharia. Kesi hiyo haikuwa ya korti za kunyonga, lakini ilitoka katika jungu lile lile. Mwaka wa 1958 Macharia aliapa kwamba alisema uwongo, na kwamba alikuwa ameahidiwa masomo Uingereza. Aliposema uwongo kizimbani alipewa safari. Aliposema kwamba ulikuwa uwongo, alifungwa. Ndugu zetu wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kiapo cha msituni, na wengi wao wakakataa bunduki ya Serikali pia. Walichukiwa na pande zote mbili, na wengine waliuawa. Hao nao walikuwa mashahidi, ijapokuwa hakuna korti iliyowaita.

Je, twasema basi kwamba kila korti ya pekee ni mbaya? Hapana. Arusha yetu imeikaribisha moja kwa miaka mingi. Baada ya mauaji ya Rwanda ya 1994, Umoja wa Mataifa uliweka mahakama ya kuhukumu wakosaji, nayo ilifanya kazi mjini Arusha mpaka tarehe 31 Desemba 2015. Walioshitakiwa ni 93. Damu iliyomwagika Rwanda yapita ya Lari mara elfu nyingi, lakini mahakama ile haikuwa na adhabu ya kifo, wala haikuona haya kwenda polepole, hata watu wakanung'unika juu ya gharama. Wako waliolaumu, wala si bure, kwamba iliwahukumu watu wa upande mmoja tu. Iliwaachilia washitakiwa 14. Na baadhi ya hao, ingawa hawakuwa na hatia mbele ya sheria, walikaa miaka mingi katika nyumba moja ya Arusha kwa kukosa nchi ya kuwapokea. Mwezi wa Desemba 2021 watu wanane, baadhi yao walioachiliwa na wengine waliomaliza vifungo, walipelekwa Niger, na huko nako wakazuiliwa ndani. Kumbe hata korti njema yaweza kusema huru, na ulimwengu usikubali. Twaona kwamba upekee wa korti si dhambi. Kosa ni kuiweka kwa haraka ya kupata jibu lililokwisha kujulikana.

Nasi tusidhani kwamba mambo haya yameisha pamoja na wakoloni. Katiba yetu ya 1977, katika ibara ya 32, yampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya hatari, na hakuna nchi iwezayo kuishi bila uwezo wa namna hiyo. Ila uwezo huo ukitumiwa, watakaoketi barazani watakuwa watoto wetu tuliowafundisha sisi.

Dedan Kimathi alishikwa tarehe 21 Oktoba 1956, akiwa na jeraha la risasi pajani. Alihukumiwa Nyeri, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor na wazee watatu wa baraza. Hakushitakiwa kwa kuua. Alishitakiwa kwa bastola na risasi zake. Alisema kwamba alikuwa njiani kwenda kujisalimisha, wala hakuaminiwa. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa ndani ya gereza pasipo alama. Maandishi ya kesi yake hayakuonekana kwa miaka mingi, mpaka yalipopatikana na kuchapishwa mwaka wa 2017. Mifupa haikupatikana. Mkewe Mukami aliiomba kwa Waingereza, akaiomba kwa kila serikali ya Kenya iliyofuata, apate kumzika mumewe kama watu wanavyozikwa. Alikufa mwezi wa Mei 2023, na mahali pale palikuwa hapajaonyeshwa bado.