Uadilifu wa Shahidi

Yafaa tuulize: je, elimu ipatikanayo kwa alama tu, pasipo jicho kukiona chenyewe, yaweza kuitwa yakini? Huko Kabete, magharibi ya Nairobi, ambako maabara iliyoasisiwa mwaka 1973, na ambayo leo ni sehemu ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ilitumia kingamwili kupambanua aina za vijidudu vya ndigana kali, mtafiti hakioni anachokitafuta. Chukua ubikwitini, protini ndogo inayoambatishwa kwenye protini zilizochakaa ili zivunjwe, ambayo ugunduzi wa kazi yake hiyo uliwapatia Ciechanover, Hershko na Rose Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2004: kingamwili huishika, na kinachodhihirika machoni ni mstari mweusi mwembamba juu ya utando mweupe. Lakini mstari huo ni shahidi, na shahidi, kama kadhi ajuavyo, hakubaliwi mpaka uadilifu wake uthibitike. Ndiyo maana kingamwili hujaribiwa kwa sampuli isiyo na protini hiyo, na ikinena hapo, ushahidi wake hubatilika. Basi yakini ya mwanadamu hupatikana kwa kumhoji shahidi, tena hubaki yakini ya kiumbe, yenye mpaka. Ujuzi usiohitaji shahidi ni wa Mola pekee.