Meli Isiyowahi Kuelea

"Ya mwaka gani hii?" Mzee aliuliza kabla hata hajaketi. Mimi nilikuwa nasubiri hongera.

Kwa miezi kumi na minne modeli ile ya MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, ilikuwa imekula jioni zangu zote. Skeli ya 1:100, plaiwudi kwa mkuku na mbavu, foili kwa ngozi ya nje. Ribiti nilizitokeza moja moja kwa ncha ya sindano, nikibonyeza kutoka nyuma ya foili mpaka macho yakatoka machozi. Mzee alikuwa ametumikia chumba cha injini cha meli yenyewe kwa miaka mingi, akastaafu, akahamia Dar es Salaam kwa bintiye. Nilimwalika chai ili aione kazi yangu.

"Ni Liemba, Mzee."

"Liemba naijua, mwanangu. Nimekuuliza mwaka."

Sikuwa na jibu. Akainama, akaanza kunionyesha kwa kidole bila kuigusa. Omoni nilikuwa nimefunga mzinga. Hatua chache nyuma yake, kreni ya kupakulia mizigo. Ubavuni, kwa herufi nyeupe nilizozichora kwa pumzi iliyobanwa, LIEMBA. "Mzinga wa Mjerumani, jina la Mwingereza, na kreni ya zama zetu," akasema. "Meli hii haijawahi kuelea hata siku moja."

Kosa lilianzia kwenye bahasha ya picha. Nilikusanya kila picha niliyoipata, nikazichanganya pamoja, kisha nikachota kutoka kila moja kile kilichonipendeza. Sikufikiri kwamba meli iliyopitia miaka mia haifanani na yenyewe. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Goetzen. Wajenzi wakaifungua vipande vipande, wakaipakia katika masanduku 5,000 hivi, ikaja Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli, na huko ndiko ilikopigiliwa ribiti. Iliingia majini tarehe 5 Februari 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mzinga niliouhusudu ulitoka kwenye manowari Königsberg, ambayo ilizamishwa katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Kwa hiyo hata modeli ya siku ya uzinduzi haiwezi kuubeba.

Tena mzinga wenyewe haukukaa. Ulipohitajika nchi kavu, Wajerumani waliung'oa, wakasimamisha wa mbao ili kumtishia adui. Kwa hiyo anayeunda Goetzen ya katikati ya 1916 hana budi kuunda mfano wa mzinga ambao nao ulikuwa mfano! Hilo lilinichekesha baadaye sana, si siku ile.

Julai 1916 wenyewe wakaizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili adui asiiteke, mitambo ikiwa imepakwa grisi nzito. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 mvuke ukaondoka, dizeli ikaingia. Kila mkono uliopita uliacha kitu na kuondoa kingine, na kamera ikanasa tu kilichokuwapo siku hiyo.

Nilidhani walau vipimo vimesalimika. Mzee akaomba rula. Meli ina urefu wa mita 71 na ushei na upana wa mita 10, basi yangu ilipaswa kuwa sentimita 71 kwa 10. Urefu ulikuwa sawa. Upana ulikuwa 13. Niliupima kwenye picha niliyoipenda kuliko zote, iliyopigwa kutoka gatini na mtu aliyesimama karibu na omo, na kilicho karibu na kamera siku zote huvimba. Ribiti nazo zilikuwa na vichwa vya milimita moja. Zidisha kwa mia: sentimita kumi, upana wa mdomo wa kikombe cha chai. "Mtu angepanda ubavu huu kama ngazi," Mzee akasema, na hapo ndipo alipokaa akanywa chai yake.

Siku hizi naanza na tarehe. Nachagua mwaka, ikiwezekana na mwezi, kisha picha isiyoingia humo naiweka kando hata iwe nzuri vipi. Vipimo nachukua kwenye maandishi au kwa futi ya kupimia, na picha naiachia kazi ya kunionyesha nini kilikaa wapi. Maelezo ya chini ya picha siyaamini mpaka nimeona herufi za jina la meli: zikisomeka kinyume, picha ilisafishwa kwa kugeuzwa, na mlango wa kushoto ni wa kulia. Na kabla ya gundi kufunguliwa, namtafuta aliyewahi kufanya kazi mle ndani. Mimi nilimwita Mzee baada ya rangi kukauka.

Ile modeli ipo juu ya kabati, na mzinga wake. Mpya niliyoianza ni ya miaka ya mwisho ya mvuke, enzi za ujana wa Mzee, na bado nina picha mbili tu ninazoweza kuziapia. Kama nyumbani kwenu Kigoma, Kasanga au popote mwambao wa ziwa kuna albamu yenye meli hiyo, nakuomba umwulize mkubwa wako mwaka, uuandike nyuma ya picha leo, kwa penseli.