Mwaka Ambao Haukuhesabiwa

Usiku wa tarehe 31 Desemba tulikaa barazani kwa dada yangu, Tanga, tukisubiri saa sita. Pilau ilishaliwa, watoto wamejilaza mkekani, na mpwa wangu, kijana wa chuo, akazusha mchezo. Kila mtu atoe simu aoneshe muhtasari wa mwaka aliopewa na programu yake ya muziki: wimbo alioucheza zaidi, msanii wake namba moja, jumla ya dakika alizosikiliza. Simu zikazunguka mkono kwa mkono na kila zamu ikapigiwa vigelegele. Mimi nami nilionesha wangu, na nikiri kwamba nilifurahi kuona dakika zangu zimezidi za shemeji.

Zamu ikamfikia shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ambaye muda wote alikuwa amekaa kwenye kigoda anapeta mchele wa kesho. Shangazi ana kitochi. Anapokea, anapiga, basi. Mpwa wangu akasema, wala hakuwa na nia mbaya, "Bibi hana mwaka. Turuke."

Tukaruka. Nasema tukaruka kwa sababu na mimi nilikuwapo na sikusema kitu. Shangazi alitabasamu, akapuliza pumba, akaendelea. Lakini neno lile lilinikaa kifuani hadi alfajiri, na asubuhi kwenye chai nikamwambia kijana kwamba amemkosea bibi yake. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Alichoniambia ndicho kinachonifanya niandike leo. "Mjomba, mimi sikumtukana Bibi. Namba hazidanganyi wala hazipendelei mtu. Sisi tuna rekodi, yeye hana. Mwaka usio na rekodi utajuaje kama ulikuwa mwaka?"

Namba ni nini, kumbukumbu ni nini, wakati ni nini: hayo yana vitabu vyake, na ninakubali maana zake kama zilivyo. Swali langu ni dogo zaidi na linauma zaidi. Mtu akisemwa kwamba hana mwaka kwa kuwa mwaka wake haukuhesabiwa, amenyang'anywa nini?

Zipo hoja za haki upande wa kijana. Kumbukumbu ya binadamu hupotosha, na shangazi mwenyewe huwachanganya wajukuu kwa majina na kwa miaka. Msanii naye anahitaji nyimbo zake zihesabiwe ili apate riziki yake. Na mchezo ule ulileta furaha nyumbani, jambo ambalo sitaki kuliondoa. Hizi nazikubali.

Nisiyoweza kuimeza ni ile ya namba zisizopendelea. Kila ninapoisikia naona mtu amefunga mlango halafu anasema nyumba haina wageni. Namba haipendelei, sawa. Lakini kabla ya namba kuna mtu aliyekaa mahali akaamua kihesabiwe nini na kiachwe nini, na upendeleo wote umo humo, katika uamuzi ule. Namba ikitoka inatoka safi, kwa sababu uchafu ulishabaki jikoni.

Tazama jinsi inavyofanyika. Katika muziki wa mtandaoni kipimo kinachotumika sana ni kwamba wimbo ukishacheza sekunde 30 umesikilizwa. Ukiucheza sekunde 29 kwa uchungu wote wa moyo wako, ukauzima kwa sababu machozi yamekuja, hukusikiliza. Ukiuacha ucheze sebuleni wewe uko bafuni, umesikiliza. Na muhtasari ambao mpwa wangu alituonesha ulikuwa umetoka tangu mwanzoni mwa Desemba, kwa hiyo usiku ule wenyewe, wimbo uliokuwa ukipigwa pale barazani huku tukiwa pamoja, haukuwamo katika mwaka wake. Tulikuwa ndani ya mwaka uliokwisha kufungwa hesabu.

Halafu simu ni ya nani? Nyumba zetu si za mtu mmoja simu moja. Ya dada yangu huchukuliwa na binti wa miaka minne anayetaka nyimbo za katuni, na hushikwa na mume wake akiunganisha spika siku ya wageni. Muhtasari ulimwambia dada yangu kwamba yeye ni shabiki mkubwa wa wimbo wa kuwafundisha watoto kupiga mswaki. Tulicheka. Ila hakuna aliyesema, "Dada, kumbe ndivyo ulivyo." Tulijua namba imemkosa mwenyewe. Kwa nini basi tulipofika kwa shangazi tulisahau kwamba namba hukosa? Ikimkosa mwenye simu nzuri tunasema mashine imekosea, ikimkosa mwenye kitochi tunasema yeye ndiye hana.

Nilimwambia kijana: pishi hupima mchele. Ukiweka kitambaa kwenye pishi ukaona hakijai, huwezi kusema kitambaa hakipo. Akajibu kwamba kitambaa kina kipimo chake, basi nilete kipimo cha Bibi. Hapo ndipo aliponikasirisha kweli, kwa kuwa alinitaka nimtetee shangazi kwa silaha ileile iliyomjeruhi. Nikajikuta nahesabu. Harusi nne alizosimamia kama somo mwaka ule. Maiti wawili aliowaosha. Redio yake ya dirishani, ambayo betri zake huzianika juani zikichoka, na taarabu za usiku anazozisikiliza huku akikuna nazi. Nilipowakumbuka tena wale maiti nikanyamaza. Niliona aibu kuwataja kana kwamba ni alama za mchezo.

Na kuna jambo ambalo hata kuhesabu kwangu hakukuligusa. Shangazi hasikilizi tu muziki, anaimba. Nyimbo za unyago anazozijua hazikurekodiwa popote, huimbwa mlango ukiwa umefungwa, na nyingine hazitakiwi kusikika nje ya chumba kile. Programu ile inajua kuhesabu sikio. Koo haijui. Mtu aliyetumia mwaka mzima akiutoa muziki kifuani mwake anahesabiwa sifuri, na mtu aliyelala spika zikiimba anahesabiwa maelfu ya dakika. Nikimfikiria Bi Kidude, mwimbaji wa Unguja na kungwi wa unyago, ambaye mwaka wake wa kuzaliwa haukuwahi kujulikana kwa hakika, najiuliza kijana angemwambiaje. Alipofariki Aprili 2013 watu walibishana juu ya umri wake. Hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa mwanzo haukuandikwa, hakuwa na miaka. Walisema ana mingi mno.

Nisieleweke vibaya, siichukii hesabu. Mwezi Agosti 2022 karani wa sensa alifika kwa shangazi na kishikwambi mkononi. Alibisha hodi, akakaribishwa, akauliza nani walilala humo usiku wa kuamkia sensa. Shangazi alimpa maji ya kunywa. Taifa likatangaza watu 61,741,120, na yeye ni mmoja wao. Hakuhitaji kununua kitu wala kujisajili popote ili aingie, wala kuwa na bando. Kama asingekuwepo, namba ile ingekuwa na upungufu, na upungufu ungekuwa wa namba, si wake.

Hapo nadhani ndipo tofauti ilipo. Kuna hesabu inayomwendea mtu na kuna hesabu inayomsubiri mtu aje. Ya kwanza ikikukosa imekosea yenyewe. Ya pili ikikukosa inakwambia wewe ndiye uliyekosekana. Programu ya mpwa wangu ni ya namna ya pili, na sina ugomvi nayo ikikaa kwenye kazi yake, kwa sababu haikuahidi kumtembelea mtu. Kosa ni letu sisi tuliokaa barazani tukaipandisha cheo ikawa sensa.

Tena wapo waliofikiri habari hii ya kujihesabu kwa undani kuliko sisi. Al-Harith al-Muhasibi, aliyefariki Baghdad mwaka 857, jina lake lenyewe linatokana na muhasaba, yaani mtu kuifanyia nafsi yake hesabu. Katika hesabu ya namna hiyo swali ni kwa nia gani, si mara ngapi. Mtu wa muhasaba angeweza kuufunga mwaka kwa kitendo kimoja tu na asione kwamba umekuwa mfupi.

Na mwaka wenyewe, nani alisema unaisha Desemba? Hapa nitatoka kidogo barabarani, maana ni jambo ninalolipenda tangu utoto. Pwani yetu ilikuwa na mwaka wake, mwaka wa Nairuzi uliotoka Uajemi, wa siku 365 bila ya siku ya ziada kila mwaka wa nne, kwa hiyo ulikuwa unateleza polepole ndani ya majira. Siku zake zilihesabiwa kwa miongo, kumikumi, na nahodha aliyejua yuko mwongo wa ngapi alijua kusi inakaribia au kaskazi imechoka, na mkulima alijua asubiri vuli lini. Makunduchi bado wanauosha mwaka huo kila Julai, katika Mwaka Kogwa: wanaume wanachapana kwa migomba, kibanda kinachomwa moto, watu wanakwenda baharini. Nilipelekwa nikiwa na miaka tisa. Niliwaona watu wazima wanapigana kwelikweli, na baadaye wanakula pamoja, na mzee mmoja akanieleza kwamba ugomvi wa mwaka unamalizwa pale ili usivuke. Sijaona namna nyingine ya kufunga mwaka inayonigusa kama ile. Mwaka ule haufungwi kwa kuorodhesha ulichokusanya. Unafungwa kwa kutua mzigo. Nikiwa mtu mzima nimejaribu kukumbuka Julai ile ilikuwa ya mwaka gani, nashindwa, lakini harufu ya kibanda kinachoungua ninayo.

Shangazi naye ana kalenda yake. Binti yake wa pili alizaliwa mwaka ilipozama MV Bukoba. Aliezeka upya nyumba baada ya mvua za Elinino. Mume wake alirudi kutoka Vita vya Kagera akiwa amekonda. Ukitaka unaweza kuzigeuza ziwe 1996, 1998, 1979, na utakuwa sahihi, lakini utakuwa umeondoa maji na risasi. Katika kalenda yake mwaka haumilikiwi na mtu mmoja. Unabeba jina la jambo lililowapata watu wote, na kila mtu anafunga uzi wake mdogo kwenye jambo hilo kubwa. Muhtasari wa simu ni kinyume chake: watu wote wanapewa sanduku la umbo moja, na ndani kila mmoja anajikuta peke yake.

Ningependa kuishia hapo nikiwa nimeshinda. Lakini siku chache baadaye nilikumbuka kitu kinachonisumbua. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya kibanda mwishoni mwa karne ya 19, hesabu nayo ilibisha hodi. Ilikuja hadi mlangoni, haikumsubiri mtu. Kibanda kilichohesabiwa kilidaiwa. Basi ile sifa niliyoipa hesabu inayomwendea mtu si sifa tupu. Kuna mlango ambao mwenyewe angefurahi urukwe. Na nikimtazama mpwa wangu, kijana ambaye kila wimbo anaougusa saa nane za usiku umeandikwa mahali asipopajua, kisha Desemba anarudishiwa ukiwa umepakwa rangi naye anashukuru, sina hakika tena ni nani kati yao wawili aliyenyang'anywa. Shangazi alirukwa. Kijana hajarukwa hata siku moja. Nimejaribu kulipima hili kila upande na halitulii. Nikisema shangazi yuko huru, naona nahalalisha ule usiku tuliomruka. Nikisema amedhulumiwa, naona nataka aingizwe kwenye daftari ambalo mimi mwenyewe naliogopa.

Jumapili ya kwanza ya Januari nilikwenda kwake. Nilimkuta uani, redio imenyamaza, betri ziko juu ya bati zinaota jua. Nikamwuliza, "Shangazi, mwaka ulikuwaje?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu kisichouzwa, kisha akaanza. Alianzia masika, pale maji yalipoingia kwa jirani, akapita kwa mbuzi aliyefia mtaroni, akaenda kwa bibi harusi aliyekataa kutoka chumbani, akarudi kwa jirani, akaimba mistari miwili ya kitu nisichokijua, akacheka mpaka akajifuta macho. Nilikuwa na daftari begani kwenye mkoba. Nikalitoa taratibu nikaanza kuandika.

Akasita. "Unaandika nini, baba?"

Nikamwambia naandika anayoyasema yasipotee.

"Mimi nakusimulia wewe," akasema, na akangoja.

Nikalirudisha daftari mkobani. Akaendelea mpaka adhuhuri ilipoadhiniwa. Ni wiki ya tatu sasa, na nusu ya aliyoniambia imeshanitoka. Ule wimbo nimebaki na lahani yake tu.